Je, ni kweli mawazo huleta vidonda vya tumbo?

Ukisema barazani hapa Tanga kwamba tumbo linakuwaka moto, utapata majibu mawili kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. "Una vidonda vya tumbo," atasema mmoja. "Punguza mawazo," ataongeza mwingine. Siku hizi limeingia na jibu la tatu, linalotembea kwenye simu: video fupi zinazodai kuwa tumbo ni ubongo wa pili, kwamba karibu homoni yote ya furaha hutengenezwa tumboni, na kwa hiyo mwenye huzuni anunue unga fulani, asafishe utumbo, furaha itarudi yenyewe.

Kila jibu lina punje ya ukweli ndani yake, lakini yakichanganywa ovyo yanaumiza watu. Yuko anayemeza dawa za kupunguza asidi mwaka wa tatu sasa na hajawahi kuwa na kidonda. Yuko mwenye kidonda cha kweli anayeambiwa asiwaze sana, mpaka siku anatapika damu. Na yuko mwenye sonona ambaye amepimwa choo na damu zahanati baada ya zahanati, majibu yote mazuri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza analalaje usiku.

Tukubaliane kwanza tunasema nini

Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli: sehemu ya ukuta wa mfuko wa chakula, au ya mwanzo wa utumbo mwembamba, imechimbika. Daktari akipitisha mpira wenye kamera mdomoni mpaka tumboni, anakiona. Kiungulia ni kitu kingine. Hapo asidi inapanda kutoka tumboni na kuchoma kifua na koo. Halafu kuna kundi la tatu, nalo ni kubwa: watu wanaoumwa juu ya kitovu, wanashiba kwa matonge mawili, wanacheua, wanawaka, lakini kamera ikiingia haikuti kidonda chochote. Mtaani makundi yote matatu hupewa jina moja, vidonda, na dawa moja.

Ukishuka kwenye utumbo mpana kuna shida ambayo kwenye cheti huandikwa IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome. Tumbo linauma mara kwa mara, choo kinabadilika, leo kimefunga kesho kinaendesha, gesi inajaa mpaka nguo inabana kiunoni. Vipimo havionyeshi minyoo, wala amiba, wala uvimbe. Hapa umbo la utumbo halijaharibika. Kilichoharibika ni namna unavyofanya kazi na namna unavyopashana habari na ubongo. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipopanga upya magonjwa ya aina hii, liliyaita magonjwa ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Huko nyuma mgonjwa wa namna hii alikuwa akiambiwa hana kitu.

Kwa upande wa akili, msongo wa mawazo ni mwitikio wa mwili kwa mzigo: kodi ya nyumba, ada ya shule, msiba, kesi. Wasiwasi uliopitiliza ni hofu inayobaki hata mzigo ukishatuliwa. Sonona ni ugonjwa. Mtu anakaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni nzito au hafurahii chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, nguvu hana, anajiona hana thamani. Kwetu ukitaja afya ya akili mtu anawaza hospitali za wagonjwa wa akili, Lutindi kule Korogwe, au Mirembe Dodoma, na anaona hayamhusu. Lakini wengi wenye sonona wanapika, wanaswali, wanafungua duka kila asubuhi. Mara nyingi wanachomlalamikia daktari ni mwili: kichwa, mgongo, uchovu, tumbo.

Kidonda kina sababu zake

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari nao waliamini kuwa vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na asidi. Wagonjwa waliambiwa wapumzike, wanywe maziwa, waepuke kazi za kuumiza kichwa. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kukuza maabara bakteria waliyemkuta kwenye kuta za matumbo ya wagonjwa, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakukubali, walidhani hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi kali kiasi kile. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe supu ya maabara yenye bakteria hao. Hazikupita siku nyingi akaanza kichefuchefu na kutapika, na kamera ikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba na kuwaka. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Tangu hapo imethibitika kwamba vidonda vingi vina chanzo kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni huyo H. pylori. Cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Msongo mkubwa wa mawazo unaweza kuongeza hatari, na mtu aliyelemewa huvuta sigara zaidi, hulala njaa, humeza dawa zaidi, lakini peke yake si ndio unaochimba kidonda.

Hiki chanzo cha pili kinanisumbua sana kwa sababu nakiona kwa macho. Jioni moja nilikuwa nyuma ya mama mmoja kwenye foleni ya duka la dawa hapa Ngamiani. Ni mama anayeuza mbaazi na maandazi asubuhi, anaamka saa tisa usiku kuwasha moto, mgongo umemchakaa kwa kuinama.

"Shikamoo mama," muuzaji alimwambia.

"Marahaba mwanangu. Nipe zile za mgongo, na zile za tumbo. Tumbo nalo siku hizi halinipi raha."

"Mawazo hayo mama."

"Na nitaacha kuwaza vipi, mwanangu, na wajukuu watatu ndani?"

Akapewa diklofenaki kwenye karatasi moja, omeprazo kwenye karatasi nyingine, akalipa, akaondoka. Dawa inayochubua na dawa inayotuliza zilitoka kwenye kabati moja, dakika moja, na lawama wakabebeshwa wajukuu. Sisemi kwamba mama yule hana mzigo. Anao, na mzito. Lakini mtu wa namna hii anastahili kwanza kuulizwa anameza nini, kwa siku ngapi, na kama amekula kabla ya kumeza. Anastahili pia kupimwa H. pylori.

Kuhusu kipimo hicho, maana nacho kina mkanganyiko wake: bakteria huyu mara nyingi huingia utotoni, ndani ya familia, na katika nchi kama yetu watu wazima wengi wanaye bila kuumwa chochote. Jibu kuwa "umekutwa naye" halina maana kwamba una kidonda. Na kile kipimo cha damu kinachotafuta kinga ya mwili kinaweza kuendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyemaliza dozi akapima damu tena asidhani dawa imeshindwa. Kipimo cha choo, au cha pumzi pale kinapopatikana, ndicho kinachoonyesha kama bado yumo. Dozi yenyewe ni ya antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na inamalizwa yote.

Utumbo una mishipa yake ya fahamu

Hapa ndipo ilipo punje ya ukweli ya zile video. Kuanzia kwenye umio mpaka njia ya haja kubwa, ukuta wa njia ya chakula umefumwa kwa seli za fahamu zaidi ya milioni 100. Zinajua kusukuma chakula mbele, kumwaga maji na vimeng'enyo, kupunguza au kuongeza mwendo, bila kungoja amri kutoka kichwani. Kipande cha utumbo wa mnyama kikitolewa mwilini na kuwekwa kwenye maji yanayofaa huendelea kusukuma. Ndiyo maana ya kuitwa ubongo wa pili. Hauwazi, haukumbuki deni, hauna huzuni. Unajiendesha tu.

Kati ya utumbo huo na ubongo wa kichwani kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoitwa vagasi. Unatoka kwenye shina la ubongo, unashuka shingoni, unapita kifuani penye moyo na mapafu, unaingia tumboni. Zamani ilidhaniwa kazi yake kubwa ni kupeleka amri chini. Kumbe nyuzi zake nyingi, takriban asilimia 80, zinapeleka habari juu: tumbo limejaa, utumbo umevutika, kuna kitu kinachoma, kuna sumu imeingia. Ubongo unapokea taarifa nyingi kutoka tumboni kuliko amri unazotuma huko.

Njia nyingine ni damu. Ubongo ukihisi hatari huamuru tezi zimwage adrenalini na kortisoli, nazo zinafika kila mahali, utumbo ukiwemo. Na utumbo nao ukivimba kwa ugonjwa, kinga ya mwili humwaga kemikali zinazopanda mpaka kichwani na kumfanya mtu awe mzito, asitake watu, asitake kula. Kila aliyewahi kushikwa na homa ya tumbo anaijua hali hiyo. Si uvivu wala si kukata tamaa. Ni mwili unaomlazimisha mgonjwa alale.

Na hiyo homoni ya furaha? Inaitwa serotonini, na ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo. Lakini kazi yake huko ni kusukuma chakula na kuamsha mishipa ya fahamu ya utumbo. Haipandi kichwani. Ubongo una kizuizi kwenye mishipa yake ya damu kinachochagua nini kipite, na serotonini ya tumboni haipiti. Ile ya ubongoni ubongo unaitengeneza wenyewe. Anayekuuzia unga kwa hoja kwamba furaha yako inatengenezwa tumboni anakupa takwimu ya kweli na kuifungia hitimisho la uongo.

Hofu inapofika tumboni

Tazama wanafunzi wa kidato cha nne asubuhi ya mtihani wa kwanza. Mmoja ameshindwa hata kumaliza uji, anahisi kichefuchefu. Mwenzake ameshakwenda chooni mara tatu. Yanaonekana mambo mawili yanayopingana, na yote yanatoka kwenye hofu moja. Mwili ukiwa tayari kupigana au kukimbia, damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli. Mfuko wa chakula unapunguza kasi, kwa hiyo chakula kinakaa, mtu anajisikia kujaa na kutaka kutapika. Utumbo mpana wenyewe huongeza kasi na kutaka kujimwaga. Juu kumesimama, chini kunakimbia.

Jambo hili lilianza kuonwa kwa macho karibu miaka 200 iliyopita, kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja kibarua wa kampuni ya biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya tumbo kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la kwenye mfuko wa chakula halikufunga. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, alimweka kwake kama mtumishi, akawa anafunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, anavishusha kupitia lile tundu na kuvitoa tena kuona vimeyeyuka kiasi gani. Katika kitabu alichotoa mwaka 1833 aliandika kwamba kijana akikasirika, mmeng'enyo wa chakula unavurugika. Maarifa hayo yalipatikana kwa kumtumia binadamu ambaye hakuwa na namna kubwa ya kukataa, na ni haki kulisema hilo kila yanapotajwa.

Hofu ya siku moja hupita, tumbo likarudi sawa. Shida huanza hofu inapokuwa ya miezi. Mishipa ya fahamu ya utumbo inakuwa nyepesi kupita kiasi: gesi ile ile ambayo mwingine haihisi, kwa huyu ni kisu. Hili limepimwa kwa kuingiza kijiputo cha hewa kwenye utumbo wa chini na kukijaza taratibu. Wengi wenye IBS wanaanza kuumia mapema kuliko watu wengine. Kwa hiyo mgonjwa anaposema anaumwa na vipimo vinasema hana kidonda, wote wawili wanasema kweli.

Waliowahi kukaa karibu na jukwaa la taarabu wataelewa kinachofuata. Maiki ikisogezwa mbele ya spika, sauti ndogo inaingia kwenye maiki, inatoka kwenye spika ikiwa kubwa, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa tena, mpaka unasikika mluzi ukumbi mzima unaziba masikio. Ukimuuliza fundi mitambo kosa ni la maiki au la spika, hana jibu, kwa sababu ni la zote mbili kuwa karibu na sauti kuwa juu. Tumbo na akili hufika hapo. Tumbo linauma kidogo, mtu anaogopa ("isije ikawa kansa"), hofu inazidisha maumivu, maumivu yanazidisha hofu. Ataacha kula harusini kwa kuogopa kukosa pa kwenda haja, ataacha kupanda basi la Dar es Salaam, atajifungia ndani, na huko ndani huzuni inamkuta.

Kwamba mzunguko huu huanzia upande wowote kumeonekana Australia, ambako watafiti walifuatilia wananchi kwa miaka 12 na kutoa matokeo mwaka 2012. Waliokuwa na wasiwasi lakini tumbo zima, walikuwa hatarini zaidi kupata shida za tumbo miaka ya baadaye. Waliokuwa na shida za tumbo lakini akili imetulia, walikuwa hatarini zaidi kupata wasiwasi na sonona.

Kuna mfano mwingine unaotuhusu sisi tunaougua matumbo ya kuendesha kila mvua za masika zikichafua maji. Mwezi Mei 2000, mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yalichafuliwa na kinyesi cha ng'ombe na watu zaidi ya 2,000 wakaugua. Baada ya miaka miwili hivi, kati ya wale ambao ugonjwa wao ulithibitishwa na wataalamu, takriban asilimia 36 walikuwa na IBS. Kwa wasiougua ilikuwa kama asilimia 10. Vijidudu vilishaondoka zamani, mishipa ya fahamu ikabaki na kero. Waliokuwa na wasiwasi au sonona kabla ya mlipuko walikuwa hatarini zaidi. Basi ukisikia mtu anasema "tangu niumwe lile tumbo la kuhara, sijakaa sawa", usimbishie.

Bakteria wa tumboni na habari zao

Utumbo mpana una bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wenyewe. Wengi hawana ubaya. Wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya na kutoa kemikali zinazolisha ukuta wa utumbo. Swali linalogombewa ni kama wanagusa na hisia zetu.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walikuza panya wasio na bakteria hata mmoja tangu kuzaliwa. Panya hao walipobanwa, homoni zao za hofu zilipanda kupita kiasi, na walipopewa bakteria wa aina fulani mapema, hali ilipoa. Tangu hapo zimefuata tafiti nyingi, nyingi za panya. Kwa binadamu picha bado haijakamilika: wenye sonona mara nyingi wana mchanganyiko tofauti wa bakteria, lakini mwenye sonona pia hali vizuri, hatembei, analala vibaya, na hayo yote hubadilisha bakteria. Kipi kimetangulia? Kwa sasa anayeuza vidonge vya bakteria kama tiba ya huzuni ameitangulia sayansi.

Chakula kwa ujumla wake kina ushahidi mzuri kidogo. Mwaka 2017 Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilisaidiwa kwa wiki 12 kula mboga, matunda, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuzungumza naye tu. Waliopona sonona walikuwa asilimia 32 kwa kundi la kwanza na asilimia 8 kwa la pili. Watu 67 ni wachache, na wengi waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Lishe ilikuwa nyongeza.

Nyumbani, utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusisha wanaume 77, wengi wao wakibadilishiwa chakula kwa muda mfupi. Waliotoka kwenye vyakula vya asili wakapewa vya kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha mwili unawaka ndani kwa ndani kama unaopigana na maradhi. Waliofanya kinyume chake walitulia. Utafiti ule ulihusu kinga ya mwili, haukuhusu huzuni, na sitaki kuuvuta mpaka usikofika. Ila unaonyesha jinsi mwili unavyobadilika haraka, na kwamba mbaazi, kunde, matembele, kisamvu, dagaa na machungwa ya Muheza vinavyojaa sokoni Mgandini havina sababu ya kuonewa haya mbele ya chipsi na soseji.

Tahadhari moja: mbaazi hizo hizo zinazolisha bakteria wazuri zinaweza kumjaza gesi mwenye IBS. Aloweke usiku kucha, amwage maji, apunguze kipimo, aongeze pole pole. Kahawa chungu nayo huamsha utumbo mpana na kuongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye tumbo la kuendesha na wasiwasi ajaribu kuipunguza. Na hizo dawa za kusafisha tumbo zinazotangazwa kwa spika za kwenye gari: utumbo hujisafisha wenyewe kila siku. Kuuharisha kwa nguvu kunaondoa maji na chumvi na kuuchokoza zaidi.

Basi mtu afanye nini

Kabla ya kusema ni mawazo, ziko dalili zisizosubiri: choo cheusi kama lami au chenye damu, kutapika damu, kupungua uzito bila kukusudia, chakula kukwama kooni, macho ya manjano, homa isiyoisha, kupungukiwa damu, au shida mpya ya tumbo kwa mtu aliyevuka miaka 50. Huyo aende hospitali leo, hata kama ana mawazo ya dunia nzima. Mwenye kidonda kilichothibitishwa azungumze na daktari mapema kabla ya Ramadhani kuingia.

Kwa wengi waliobaki, msaada unaweza kuanzia upande wowote wa ule mzunguko. Kula kwa saa zinazoeleweka, kulala, kutembea. Kupumua taratibu kwa tumbo, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, huutuliza mwili kwa dakika chache. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu imeonekana kupunguza maumivu ya IBS yenyewe, si huzuni pekee. Dawa ya zamani na ya bei nafuu, amitriptilini, kwa dozi ndogo kuliko ya sonona, hushusha usikivu wa mishipa ya fahamu ya utumbo. Jaribio la Uingereza la mwaka 2023 kwa wagonjwa 463 lilithibitisha kuwa inasaidia. Wako wanaopewa dawa hii, wakasoma mtandaoni kuwa ni ya ugonjwa wa akili, wakaitupa na kuhisi wametukanwa na daktari. Daktari hakuwatukana, ingawa alipaswa kuwaeleza.

Wapo watakaosema tumbo lisilopona ni la kulishwa, au ni chango. Sitakwenda kugombana na mzee wa mtu. Kisomo na dua havigombani na kipimo, na mgonjwa anaweza kupata vyote viwili. Asiambiwe tu kwamba akienda hospitali dawa itakataa.

Na kuna watoto, ambao tunawasahau. Mtoto wa darasa la pili anayeshikwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi hajifanyi. Tumbo la mtoto ndilo linalosema kwa niaba yake kabla hajapata maneno. Mpeleke apimwe minyoo na mkojo kwanza, maana vipo kweli. Majibu yakiwa mazuri, usimfokee kwamba anakwepa shule. Kaa naye wakati hana maumivu, umuulize anakaa dawati moja na nani, nani anamnyang'anya hela ya chakula, mwalimu gani anapiga sana, choo cha shule kina mlango au hakina. Wengi hujizuia haja mpaka jioni kwa sababu ya hilo la mwisho tu, na tumbo linaanzia hapo.